Riviu: UCSB Cylinder Audio Archive, sauti za zaidi ya miaka mia unazisikiliza bure kwenye simu

Nimekaa na huu mtandao karibu miezi minne sasa, usiku kabla ya kulala nasikiliza mbili tatu ndo nalala, kwahiyo naona naweza kuusemea. Ni mtandao wa maktaba ya Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, Marekani, ulianza 2005, na ndani kuna silinda za sauti za zamani zaidi ya 10,000 ambazo zimeshahamishiwa kwenye dijitali, unabonyeza unasikiliza, ukitaka unapakua, hulipi chochote. Nasema mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: ni moja ya vitu bora kabisa nilivyowahi kukuta kwenye intaneti. Na kama una kaseti za wazee wako kwenye sanduku mahali, naomba usimpe mtu yeyote azihamishe mpaka umesoma hii hadi chini.

Kwa wasiojua silinda ni nini, kabla santuri bapa hazijatawala watu walikua wanasikiliza hizi. Fikiria kikombe kisicho na kitako, urefu kama sentimita 11 hivi, upana wa mdomo kama sentimita 5 na nusu, unakichomeka kwenye kiroli cha mashine kinazunguka, sindano inapita kwenye michirizi myembamba sana, michirizi 100 kwenye inchi moja. Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison alianza mwaka 1877 na karatasi ya bati ambayo ukiicheza mara chache imechanika, basi. Nta ikaja miaka ya 1880 kutoka kwenye maabara ya Alexander Graham Bell na wenzake, na hapo ndo sauti ya mtu ikawa kitu unachoweza kukiweka kabatini ukakikuta kesho. Silinda ya kawaida ilibeba dakika mbili tu, mizunguko 160 kwa dakika, baadaye 1908 zikaja za dakika nne, na Edison hakuacha kuzitengeneza mpaka 1929 wakati dunia nzima ilishahamia kwenye santuri.

Sasa ile nta ya kahawia ya miaka ya mwanzo ni kitu dhaifu, yani dhaifu kweli. Ukitaka kuishika unaingiza vidole viwili kwenye tundu kisha unavitanua ndani, taratibu, nje hugusi kabisa, manake ikiwa imetoka kwenye baridi joto la mkono wako peke yake linaweza kuipasua. Halafu kuna ukungu. Mimi nilidhani ukungu unachafua tu, unafuta na kitambaa maisha yanaendelea, kumbe ukungu unaila ile nta, na palipoliwa ndo pameliwa, ile sauti iliyokua pale haipo tena popote duniani. Kuna silinda humo ndani unasikia mtu anaimba vizuri halafu kwa kila mzunguko kuna kishindo kinarudi, du, du, du, kama mtu anagonga mlango, hilo ni jeraha kwenye nta na kila mzunguko sindano inapita palepale. Nilivyolielewa hilo nikaacha kulalamikia kelele.

Maana kelele zipo, tena nyingi. Usije ukafungua ukitegemea sauti ya studio. Ushauri wangu vaa hedifoni, usitumie spika ya simu, na usihukumu sekunde kumi za kwanza. Mwanzo utasikia kama mvua juu ya bati, halafu kwa mbali anatokea mtu. Rudia mara ya pili, ya tatu, sikio linajifunza lenyewe kuitenga ile mvua na ghafla unasikia herufi, unasikia mtu anavuta pumzi kabla ya ubeti. Zile za zamani zaidi zinaanza na tangazo, mtu anapaza sauti kutaja jina la wimbo, msanii na kampuni, manake hapakua na karatasi ya kubandika katikati kama kwenye santuri. Na anapaza kweli, kwa sababu maikrofoni hazikuwepo, mtu aliimba ndani ya mdomo wa tarumbeta kubwa la kukusanyia sauti na nguvu ya sauti yake mwenyewe ndo ilikua inasukuma sindano ikate nta. Ukilijua hilo unasikiliza tofauti. Huyo mtu sauti yake iliigusa nta yenyewe, hewa iliyotoka kifuani mwake ndo imechimba huu mchirizi, hakuna umeme katikati.

Kuzihamisha wanatumia mashine inaitwa Archéophone, imeundwa na Mfaransa Henri Chamoux, ni ya umeme na sindano yake ni nyepesi haikwangui kama zile mashine za asili. Hapa kuna kazi ambayo wengi hatuioni, nayo ni spidi. Silinda za miaka ya 1890 hazikua na spidi moja, kila mrekodi na mkono wake, kwahiyo fundi anakaa anasikiliza anaamua hii izunguke kiasi gani, akikosea kidogo mwanaume mzima anakua mtoto. Hii ilishatokea kwenye moja ya rekodi kongwe kuliko zote. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alikua anachora mawimbi ya sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi, hakua hata na wazo la kuzicheza, alitaka kuziona tu kwa macho. Tarehe 9 Aprili 1860 akachora kipande cha wimbo. Mwaka 2008 watafiti na maabara ya Berkeley wakaisoma ile karatasi kwa kompyuta ikatoa sauti, dunia ikasikia kitu kama binti anaimba, na baadaye walivyorudia hesabu wakakuta wameicheza haraka mara mbili, ni mwanaume, na inaelekea kabisa ni Scott mwenyewe. Mwaka 2015 UNESCO wakaziingiza zile karatasi kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Miaka karibu 150 ilikua ni karatasi chafu kwenye mafaili, na sauti ilikuwemo muda wote huo.

Basi turudi kwenye mtandao wenyewe, kwenye sehemu iliyonifanya niandike yote haya.

Ukiingia usianze na kutafuta, anza na orodha walizozipanga kwa mada, na kwenye hizo nenda moja kwa moja kwenye rekodi za nyumbani. Watu wengi hatujui kwamba fonografu, yani ile mashine ya silinda, ilikua inacheza na inarekodi pia. Gramafoni ya santuri ilikua inacheza tu, lakini silinda ungeweza kununua tupu, ukaweka tarumbeta la kurekodia, ukamwita mkeo na watoto mkaimba, mkacheka, ukaicheza palepale mkasikia. Kwahiyo kati ya miaka ya 1890 na 1910 watu wa kawaida kabisa walijirekodi majumbani mwao. Na wengi wao majina yao hayajulikani mpaka leo. Hakuna kampuni, hakuna tangazo, wakati mwingine hakuna hata karatasi ndani ya boksi.

Nilivyosikiliza ya kwanza nilikaa kimya. Sio kwamba ilikua na maajabu, ndo maana yenyewe, haikua na maajabu. Wale waimbaji wa kampuni wanaimba kwa kujua kuna mtu atanunua, sauti imenyooshwa, kila kitu kipo sehemu yake. Huyu wa nyumbani hana mteja. Anaanza vibaya, anasogea mbali na tarumbeta sauti inafifia, anarudi, anamaliza kabla nta haijaisha na zile sekunde zilizobaki ni mvua tu ya nta inaendelea. Mtu alikaa chumbani kwake zaidi ya miaka mia iliyopita akafanya kile ninachofanya mimi nikimtumia dada yangu voisi noti. Sijui niseme nini zaidi, iliniingia.

Na hizi zilikua rahisi mno kupotea kuliko zile za kampuni. Wimbo wa kampuni uliuzwa nakala nyingi, moja ikivunjika huku nyingine iko kule. Ya nyumbani ni moja tu. Tena mashine nyingi zilikua na kisu cha kunyolea nta, ukichoka na kilichorekodiwa unakinyoa unapata uso mpya unarekodi kingine. Hebu fikiria ni sauti ngapi za wazazi wa watu zimenyolewa zikawa vumbi mezani ili mtu arekodi kingine Jumapili inayofuata. Zile zilizobaki zimebaki kwa sababu wapo watu waliozikusanya wakati hazina soko, mmoja wao David Giovannoni, ambaye pia ni katika wale waliofanikisha ile sauti ya 1860 isikike. Zikafika maktabani mia kadhaa, zikahamishwa, zikaandikiwa kila kilichojulikana, zikawekwa hadharani.

Halafu kikaja kitu ambacho naona ndo jibu la swali la wengi, kwamba hivi rekodi inakuaje urithi, nani anaamua. Marekani walitunga sheria mwaka 2000 ya kuhifadhi rekodi za sauti, na Maktaba ya Bunge lao inachagua rekodi 25 kila mwaka kuingia kwenye Rejista ya Taifa, sharti iwe na miaka isiyopungua 10 na iwe na uzito wa kihistoria, kiutamaduni au kisanaa. Kwenye orodha ya mwaka 2014 yupo Ben E. King, yupo Lauryn Hill, wapo Radiohead, wapo The Doors. Na kwenye orodha hiyohiyo, mstari sawa na wao, zipo hizi silinda za nyumbani za maktaba ya Santa Barbara. Watu wasio na majina. Hawakuuza nakala hata moja. Nimeisoma ile orodha mara nyingi na bado nafurahi kila nikifika kwenye huo mstari.

Mimi nilikua naamini uzee ndo unaleta thamani, kwamba ukikiacha kitu muda mrefu kinakua cha thamani chenyewe. Sasa siamini tena. Uzee ukiachwa peke yake unaleta ukungu. Thamani imeletwa na mtu aliyekaa akaandika hii ni nini, imetoka wapi, imerekodiwa kwenye nta ya aina gani, na tunachokijua ni hiki hapa. Ukifungua silinda yoyote kwenye ule mtandao unakuta maelezo yake, mwimbaji kama anajulikana, mwaka au makadirio ya mwaka, kampuni na namba, ala zilizopigwa. Maelezo yote ni Kiingereza, ujiandae kwa hilo, ila majina na miaka unayasoma tu. Yale maelezo ndo yanayoigeuza kelele kuwa mtu.

Mfano mwingine mzuri mtafute George W. Johnson. Alizaliwa utumwani Virginia, mwaka 1890 akaanza kurekodi na akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata umaarufu wa rekodi. Wakati ule hapakua na njia nzuri ya kutoa nakala nyingi kutoka kwenye silinda moja, hiyo ilikuja kama 1902, kwahiyo msanii aliimba mbele ya mashine kadhaa kwa pamoja, wakazibadilisha silinda, akaimba tena, tena, siku nzima, wimbo uleule, analipwa kwa kila mara anayoimba. Na wimbo wake uliovuma ni wa kucheka. Yani alikua anacheka kwa kazi, mara maelfu. Mimi nikisikia kile kicheko siwezi kucheka naye, nawaza hii ni mara ya ngapi leo. Kampuni zilitaka kuuza, hazikua zinahifadhi urithi wa mtu. Ni sawa na Siti binti Saad na wenzake walivyopanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, waliowaita walikua wanatafuta wanunuzi wa santuri na gramafoni, na leo zile santuri tunazitaja kwa heshima tofauti kabisa. Kile kicheko cha Johnson kiliingia kwenye Rejista ile ya Taifa mwaka 2013, karibu miaka mia baada ya yeye kufariki.

Na hapa lazima nitoe onyo, hasa kama utasikiliza na watoto. Nyimbo nyingi za miaka ile zinawatukana watu weusi, wazungu wanaigiza sauti za weusi kwa dhihaka, na hata wahamiaji wa mataifa mengine wanachekwa humo. Johnson mwenyewe baadhi ya alivyoimbishwa vinaumiza. Maktaba haijazificha, imeandika tahadhari na kuziacha zisikike. Nimelifikiria sana hili na nakubaliana nao. Ukizitoa utabaki na miaka ya 1900 safi ambayo haikuwepo, na utakua umemfuta na Johnson humohumo.

Kuna upande mwingine wa hii habari ambao sio wa mtandao huu lakini siwezi kuuruka. Machi 1890 mtafiti Jesse Walter Fewkes alibeba mashine mpaka Calais, jimbo la Maine, Marekani, akawarekodi watu wa Passamaquoddy, wenyeji wa asili wa kule, wakiimba na kusimulia. Ndo rekodi za kwanza zinazojulikana za utafiti wa uwandani. Silinda 31 zimebaki. Kwa miaka mingi zilikaa kwenye makumbusho na maktaba zikiitwa kwa jina la aliyerekodi, zikiwa na vichwa vya habari alivyoviandika yeye. Miaka ya karibuni zilisafishwa upya na Maktaba ya Bunge ikakaa na Wapassamaquoddy wenyewe, wakasikiliza, wakaziandika upya kwa lugha yao, na wao ndo wakasema ipi isikike na kila mtu na ipi ibaki ya kwao. Nyingine wameanza kuziimba tena. Kwangu hiyo ndo rekodi kufika kwa mwenyewe. Kabla ya hapo ilikua imetunzwa vizuri lakini ilikua bado haijafika.

Kuhusu haki, kwa wanaojiuliza kama ni halali kupakua, kwa Marekani ndio. Sheria yao ya 2018 ilisema rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 ziwe huru kuanzia tarehe 1 Januari 2022, kisha za 1923 zikafuata Januari 2024, na za 1924 Januari 2025, inaendelea hivyo mwaka kwa mwaka. Kabla ya sheria hiyo hata silinda ya 1895 ilikua imefungwa na sheria za majimbo mpaka 2067. Na kama una uwezo kuna utaratibu wa kuilea silinda, unachagua ambayo bado haijahamishwa, unachangia, nayo inaingia kwenye foleni ya kuhamishwa. Napenda sana wazo hili. Faili ni ndogo kwa sababu dakika ni mbili au nne tu, hata bando dogo linatosha usiku mzima.

Sasa ile habari ya kaseti niliyowaahidi.

Marehemu babu yangu tulikua na kaseti zake tatu, anasimulia ukoo, nani alimzaa nani, nani alihama kwa sababu gani. Alirekodiwa na baba mdogo nyumbani. Kabla sijaujua mtandao huu nilizipeleka kwenye huduma moja ya kuhamisha kanda, jina silitaji. Nilipewa flashi ina faili tatu, zimeitwa 1, 2, 3, sauti ya babu safi kabisa, nilishukuru sana tu. Kaseti zenyewe nilirudishiwa lakini maboksi yake walishatupa, walisema yalikua yamechoka. Kwenye yale maboksi bibi aliandika kwa mkono wake tarehe na waliokuwepo siku ile.

Sikuona tatizo. Ni baada ya kusikiliza hizi silinda wiki kadhaa ndo nikarudi kwenye faili za babu nikahisi kuna kitu hakipo. Anaongea bila kupumua. Sentensi kwa sentensi kwa sentensi, babu ambaye sisi tuliomjua anasema neno, anakaa, anavuta pumzi, ndo anasema la pili. Nikapima muda wa kaseti kwa saa, upande mmoja dakika 30, kwenye faili upande huohuo umebaki dakika 19. Walikata kila sehemu ambayo babu haongei, na iliyobaki wakaisafisha kelele mpaka chumba kizima kikapotea.

Basi nikatafuta mtu mwingine, safari hii nikaomba nikae naye pembeni. Nikamwambia sitaki usafishe chochote, nataka kaseti nzima pande zote mbili kama ilivyo, faili ya WAV ya biti 24, yani isiyobanwa, na kelele zake. Kusafisha nitasafisha kwenye nakala, hii ya kwanza haiguswi. Hivyo ndo watunzaji wa sauti wanavyofanya na naona hakuna sababu babu wa mtu afanyiwe chini ya hapo. Akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti, akaizungusha kaseti yote mbele na nyuma kwanza ili ilegee, akarekebisha pembe ya kichwa mpaka sauti ikafunguka, ndo akabonyeza. Niseme pia haya mambo hayasubiri. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha watunzaji wa sauti na programu ya UNESCO walianzisha tahadhari kuhusu kanda za sumaku, wakisema mashine za kuzichezea na mafundi na vipuri vinaisha, na mwaka 2025 ndo waliutaja kama mpaka. Kanda yako inaweza kuwa nzima kabisa na ukakosa cha kuichezea.

Tulivyofika katikati ya kaseti ya pili, babu akanyamaza, pale ambapo kwenye faili ya kwanza anarukia sentensi nyingine. Safari hii ukimya ukabaki. Kikombe kikawekwa mezani. Mtoto mchanga akalia chumba cha pili. Halafu bibi, kutoka mbali, karibu na mlango, akasema "Mzee, huyo hakuwa wa kwanza, wa kwanza alifariki." Babu akasema "Ehee, kweli," akaendelea na jina lingine. Kwenye ile faili safi jina lingine lipo, lakini sababu ya kulitaja haipo, na sisi tulikua tumeshaandika ukoo na kosa hilo ndani.

Usiku ule nikampigia shangazi nikamchezea kile kipande kwenye simu, kwa ajili ya sauti ya bibi tu, nikijua atafurahi. Akanyamaza muda. Akaniambia, "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Akasikiliza tena akasema, "Huyo anayelia ni mwanangu wa kwanza, nilikua nimekuja kujifungulia kwa mama, hapo hana hata mwezi." Akataja mwaka, akataja na msimu, akaanza kunitajia nani walikuwepo nyumbani siku zile, mmoja mmoja, mimi nikawa naandika.